Kombi kubwa au tangi libaki? Jibu kwa familia ya watu sita Milton Keynes

Swali: Assalaam aleikum kaka. Tuko Milton Keynes, Uingereza, watu sita, nyumba yetu wenyewe ya vyumba vinne na mabafu mawili, iliyojengwa miaka ya 1980. Boila yetu ya gesi, inayopasha nyumba na maji, imepita miaka 20 na sasa inazima ovyo. Fundi kasema bodi yake ya umeme imekufa na spea hazitengenezwi tena. Tuna tangi la maji moto kwenye kabati la ghorofani na matangi mengine ya maji darini. Fundi wa kwanza anataka kung'oa yote na kutuwekea kombi (boila isiyohitaji tangi) ya kilowati 35 kwa pauni 3,200. Wa pili anasema boila ndogo ya kilowati 18 na tangi jipya la presha, pauni 4,600. Mume wangu anaona 18 haitatosha kwa kuwa ya zamani ni 24. Na mjomba anasisitiza tusilipe kitu, serikali inatoa pauni 7,500 za kubadilisha boila. Tumsikilize nani? Na tusubiri hadi kiangazi au tufanye sasa?

Jibu: Waaleikum salaam dada. Nianze na mjomba, maana yeye ndiye atakayewachelewesha. Mpango anaousema upo, unaitwa Boiler Upgrade Scheme, na ni wa England na Wales. Lakini jina lake limewapoteza wengi. Zile pauni 7,500 hutolewa kwa anayeiondoa boila na kuweka pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani. Boila mpya ya gesi haipati hata peni moja. Anayeomba fedha hizo ni kampuni inayofunga pampu, si mwenye nyumba, kwa hiyo mtu akiwapigia simu akitaka namba za benki ili "awaingizie ruzuku ya boila", kateni simu. Habari ya pampu yenyewe nitaigusa huko mbele, kwa sababu ina uhusiano na lile tangi lenu.

Sasa kilowati. Mumeo hakukosea kuuliza, ila namba mbili zinachanganywa hapa. Kuna joto linalohitajika kupasha nyumba, na kuna joto linalohitajika kupasha maji ya bomba yakiwa yanapita. La kwanza ni dogo kuliko watu wengi wanavyodhani. La pili ni kubwa mno. Mauzo mengi ya boila hufungwa pale mteja anapotajiwa la pili akiamini ni la kwanza.

Njia ya kupima mahitaji ya nyumba yenu haina gharama. Chagueni siku ya baridi kali, boila ikiwa inafanya kazi, msome mita ya gesi asubuhi na tena saa 24 baadaye. Tuseme mmetumia mita za ujazo 15. Zidisha kwa 11.2 upate kilowati-saa, takriban 168. (Kama mita yenu ni ya zamani na inahesabu kwa futi, kila futi za ujazo 100 ni mita za ujazo 2.83.) Boila ya umri huo haitoi joto lote la gesi. Tukiipa ukarimu wa asilimia 75, iliyobaki ndani ya nyumba ni kilowati-saa 126, na ukigawanya kwa saa 24 unapata kilowati tano na ushee. Humo ndani maji ya kuoga nayo yamo! Kwa kuwa hamuwashi usiku kucha, na asubuhi nyumba inatakiwa ipate moto upesi, ongezeni nafasi: nane, tisa, haya kumi. Bado boila ya kilowati 18 inabaki na akiba ya kutosha. Ile 24 ya zamani haikuwekwa kwa sababu mtu alipima. Enzi hizo boila nyingi ziliwaka kwa nguvu moja tu au kuzima, na mafundi walikisia kwa kuzidisha, kisha tangu hapo madirisha ya vioo viwili na sufu ya darini vimepunguza mahitaji. Fanyeni hesabu hiyo kwa namba zenu, msichukue zangu, lakini nitashangaa kama nyumba ya vyumba vinne ya miaka hiyo itavuka 12.

Basi 35 imetoka wapi? Imetoka bafuni. Kombi haina tangi, inapasha maji papo hapo mtu anapofungua bomba. Majira ya baridi maji ya barabarani, yaani ya bomba kuu la mtaa, huingia nyumbani yakiwa na nyuzi 6 au 7 hivi, na kuyafikisha 41 au 42, joto la kuogea, ni kuyapandisha nyuzi 35. Kwa kupandisha kiasi hicho, kombi ya kilowati 24 inatoa takriban lita 10 kwa dakika, ya 30 inatoa 12, na ya 35 inatoa kama 14. Namba hizo hazibadilishwi na jina la kampuni, hiyo ni fizikia ya maji. Shawa moja nzuri hunywa lita 8 hadi 10. Mna mabafu mawili na watu sita, na sidhani watoto wa shule na watu wa kazini mnapangiana zamu ya saa kumi na mbili na saa moja kwa utulivu. Lita 14 zikigawanywa mara mbili ni 7 kwa kila bafu, na mtu akifungua bomba la jikoni hapo hapo, mtasikia kelele kutoka juu.

Na hizo 14 mtazipata tu ikiwa barabara inawaletea 14. Kabla ya kumpigia fundi yeyote, chukueni ndoo ya lita 10, fungueni bomba la maji baridi la jikoni mpaka mwisho, mpime sekunde ngapi inajaa. Sekunde 30 ni lita 20 kwa dakika. Sekunde 60 ni lita 10, na hapo kombi ya 35 itakuwa imenunuliwa bure, kwa kuwa boila haiongezi maji, inayapasha tu. Kama fundi wa kwanza alikadiria bei bila kupima maji haya, hilo peke yake linanitosha kumtilia shaka.

Liko jambo jingine la mji wenu. Maji ya Milton Keynes ni magumu, yana chokaa nyingi. Tazameni ndani ya birika lenu la umeme. Ukoko ule ule hujijenga ndani ya kibadilisha joto cha kombi, kwenye vijia vyembamba ambamo maji ya kuoga hupita, na mkioga watu sita kila siku utajijenga haraka. Kombi si kifaa kibaya, kwa mtu na mkewe kwenye fleti ya bafu moja nisingetaja kitu kingine. Kwenu ninyi naiona haifai.

Kwa hiyo namuunga mkono fundi wa pili, kwa masharti. Tangi la lita 210 au 250 linawafaa watu sita. Kupasha lita 210 kutoka nyuzi 15 hadi 60 kunahitaji kilowati-saa 11. Boila ya kilowati 18 ikilipa tangi nguvu yake yote, na koili ya ndani (bomba lililojikunja ndani ya tangi) ikiwa kubwa ya kuipokea, ni kama dakika 40 tangi limerudi. Wa mwisho kuoga asubuhi hatalalamika. Nyuzi 60 msizipunguze mkitafuta kubana matumizi: chini ya hapo maji yanayokaa tangini yanaweza kuotesha bakteria wa Legionella, wanaoleta ugonjwa wa mapafu.

Masharti ni haya. Tangi la presha hutumia nguvu ya maji ya barabarani moja kwa moja, na kwa mabafu mawili ningependa ile ndoo ya lita 10 ijae ndani ya sekunde 30 au chini yake. Tangi hilo lina vali za usalama na bomba la kumwaga maji nje, na anayelifunga lazima awe na cheti kinachoitwa G3. Kujua gesi hakumfanyi ajue hilo, mwulizeni akionyeshe. Ikiwa ndoo yenu inajaa polepole, kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyewatajia, labda kwa sababu haina faida kubwa kwa muuzaji: badilisheni boila peke yake, tangi la sasa na ya darini yabaki. Maji ya darini hushuka kwa uzito wake, kila mita moja ya urefu ni sehemu ya kumi tu ya bar (kipimo cha presha), ndiyo maana bafu la ghorofani huwa dhaifu. Kama mmeishi nalo miaka yote bila ugomvi, na tangi halina kutu wala halivuji, hiyo ndiyo kazi ya bei nafuu kuliko zote mbili.

Hapa ndipo narudi kwenye pampu ya joto. Sisemi mnunue leo. Umeme hapa Uingereza una bei mara nne hivi ya gesi kwa kila kilowati-saa, na pampu nzuri hutoa joto mara tatu au nne ya umeme inaokula, kwa hiyo bili hukaribiana na akiba si kubwa. Lakini pampu haiwezi kufanya kazi kama kombi, inahitaji tangi. Anayeng'oa tangi leo na kugeuza kabati kuwa la mashuka atalipa kulirudisha siku akitaka kuondoka kwenye gesi. Na mkiambiwa muongeze fedha kwa sababu boila "iko tayari kwa haidrojeni", gesi iliyotarajiwa kuchukua nafasi ya gesi ya sasa, msiongeze. Majaribio mawili yaliyokusudiwa ya kupeleka haidrojeni majumbani, Whitby kule Ellesmere Port na Redcar, yalifutwa yote mwaka 2023.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko jina la kampuni iliyoandikwa kwenye boila. Tangu mwaka 2005 boila mpya hapa zinatakiwa ziwe za aina inayorudisha joto la mvuke. Gesi ikiungua hutoa mvuke wa maji, na mvuke ule ukigeuka maji ndani ya boila huachia joto lake badala ya kulipeleka nje. Lakini haugeuki maji mpaka ukutane na kitu chenye nyuzi pungufu ya 55 hivi, na kitu chenyewe ni maji yanayorudi kutoka kwenye rediata, yale mabamba ya ukutani yanayopasha vyumba. Mafundi wengi huacha boila ikituma maji ya nyuzi 75 au 80, yanarudi yakiwa 60, na mvuke wote unatoka nje kupitia bomba la moshi. Mmenunua kifaa kilichoandikwa asilimia 92 mkakitumia kama cha zamani.

Dawa ni kutuma maji yenye joto dogo kwa muda mrefu zaidi. Rediata zinapungua nguvu, hilo ni kweli. Ile iliyoandikwa wati 1,500 kwenye kitabu hupimwa kwa maji ya wastani wa nyuzi 70, na kwa maji ya wastani wa 50 inatoa zaidi kidogo ya nusu. Ila kwa kuwa rediata zenu zilipimwa kwa nyumba iliyokuwa ikivuja joto kuliko sasa, huenda zinatosha. Anzeni na nyuzi 65, mshushe tano tano kila wiki, na siku chumba kimoja kitakaposhindwa kufika joto mnalotaka, rudisheni tano. Kama ni chumba kimoja tu kinacholalamika, badilisheni rediata yake iwe ya mabamba mawili, msiadhibu nyumba nzima.

Shida ni kwamba tangi linataka nyuzi 65 au 70 ili lifike 60, wakati rediata zinataka 50. Ukiunganisha kwa mtindo wa kawaida wa hapa, boila hutuma joto moja kwa vyote viwili, na hesabu yote ya juu inaharibika. Mwambieni fundi wa pili mnataka mpangilio wa maji moto kwanza: tangi likiita, boila inapanda hadi 70 na kulihudumia peke yake, likijaa inarudi 50 kwa rediata. Mwambieni pia aweke kihisi cha joto la nje kwenye ukuta wa kaskazini, ili boila ijishushe yenyewe siku isiyo na baridi. Boila nyingi za Vaillant, Viessmann na Worcester Bosch zina uwezo huo au huuzwa na kifaa chake. Fundi akikunja uso na kusema haina haja, anakwepa saa mbili za waya.

Pamoja na hilo, msimwulize boila inapanda hadi ngapi, mwulizeni inashuka hadi ngapi. Mwezi wa Oktoba nyumba yenu itataka kilowati 2 au 3. Boila isiyoweza kushuka chini ya 7 itawaka dakika mbili, itazima, itawaka tena, kutwa nzima, kama dereva wa daladala anayekanyaga mafuta na breki kila mita kumi. Inakula gesi na inachakaa. Tafuteni inayoshuka hadi 3 au chini.

Nyumba za wakati huo, na Milton Keynes zimo nyingi, mara nyingi zina mabomba membamba ya milimita 8 au 10 yanayokwenda kwenye rediata. Chungulieni pale bomba linapotokea sakafuni: likiwa nene kama kalamu ya risasi, ndiyo hayo. Yanafanya kazi, lakini yanaziba upesi kwa tope jeusi, ambalo ni kutu ya chuma cha rediata. Boila mpya ikifungwa kwenye maji machafu itakufa mapema na kampuni itakataa dhamana, kwa haki kabisa. Kwa hiyo kazi ya kusafisha mfumo, kichujio cha sumaku kwenye bomba la kurudi, na dawa ya kuzuia kutu viandikwe kwenye karatasi ya bei kwa majina, visiwe maneno ya mdomo. Dhamana nyingi ndefu pia hufa msiposafisha boila kila mwaka na kuwekewa saini kwenye kitabu chake.

Bomba la gesi lipimwe nalo: kutoka mita hadi boila presha isipungue zaidi ya millibar moja ikiwaka kwa nguvu zote. Kombi ya 35 mara nyingi hulazimisha bomba nene zaidi, na hiyo huwa gharama inayojitokeza siku ya kazi. Bomba la kutoa maji ya mvuke, likipita nje, liwe na upana wa milimita 32 na livikwe kihami, au litaganda usiku wa barafu na boila itazima.

Niseme na hili bila kuzunguka, kwa sababu najua vikundi vyetu vya WhatsApp. Kuna ndugu anayejua umeme, anajua mabomba, anaswali msikiti mmoja nasi, na bei yake ni nusu. Asiguse gesi. Anayefanya kazi ya gesi kwa malipo bila kusajiliwa Gas Safe Register, daftari rasmi la mafundi wa gesi, anavunja sheria, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka boila ikiungua vibaya, haina harufu wala rangi. Ombeni kadi yake na mgeuze nyuma: aina za kazi anazoruhusiwa zimeandikwa huko, boila iwemo. Namba yake mnaweza kuihakiki wenyewe kwenye tovuti ya Gas Safe. Baada ya kazi cheti cha Kanuni za Ujenzi kitawajia, kitunzeni pamoja na hati ya nyumba kwa sababu mwanasheria wa mnunuzi atakidai siku mkiuza. Tangu Oktoba 2022 boila mpya lazima iambatane na king'ora cha kaboni monoksaidi katika chumba ilimo. Kama hakimo kwenye bei, ulizeni.

Kuhusu kuokoa fedha, punguzeni matumaini. Chukulia mnatumia kilowati-saa 18,000 kwa mwaka. Kwa asilimia 75 mnapata joto la 13,500. Boila mpya iliyorekebishwa vizuri, kwa asilimia 90, inahitaji 15,000 kutoa joto hilo hilo. Akiba ni 3,000, na kwa peni 6 kila moja ni pauni 180 kwa mwaka. Anayewaambia boila itajilipa kwa miaka mitatu anauza ndoto. Mnabadilisha kwa sababu spea zimekwisha, na hiyo ni sababu halali. Ingekuwa inafanya kazi salama ningewashauri muiache.

Kwa hiyo pauni 4,600 za fundi wa pili naziona zinazungumzika, iwapo mpangilio wa maji moto kwanza, kihisi cha nje, usafishaji na kichujio vimo humo. Mpelekeeni maswali haya kwa maandishi, na mtafuteni fundi wa tatu awape bei ya ile njia ya kubakiza tangi, ili mlinganishe.

Kiangazi mafundi wana nafasi, hawakimbizani, na siku mbili bila rediata haziumizi mtu. Kama boila bado inawaka mara nyingi kuliko inavyozima, na haina dalili ya masizi wala mwali wa manjano, subirini Mei au Juni. Ikiwa na dalili hizo, izimeni leo na muite fundi wa Gas Safe. Wakati huo wa kusubiri maji ya kuoga hayatakosekana: kwenye tangi lenu karibu hakika kuna hita ya umeme ya kilowati 3, swichi yake ikiwa kabatini au kando ya mlango wake. Iwasheni usiku mmoja mjaribu kama inafanya kazi. Inakula uniti 3 kila saa, kwa hiyo muda wa saa mbili kabla ya alfajiri unatosha kuwaogesha watoto.